Ushahidi Uliomo Ndani ya Kasha

Mnamo 1946, katika mji wa Fullerton, California, Leo Fender, fundi wa redio asiyejua kupiga gitaa, alianzisha kampuni ya ala za muziki za umeme iliyobeba jina lake. Na miongoni mwa vikuza sauti vyake vya valvu, Deluxe ya miaka ya 1955 hadi 1960 ilipata sifa kubwa, hata leo, ikionekana kwa muuza vikuukuu, kitambaa kimepauka na mkono wa kubebea umekatika, mwenye kuijua huiinamia kwa taadhima.

Lakini anayetaka kuinunua hana budi kufanya kama kadhi mwadilifu, asiyekata shauri kabla ya kuwalinganisha mashahidi. Wa kwanza ni karatasi iliyogandishwa ndani ya kasha, yenye alama 5E3: 5 ni muongo wa miaka ya hamsini, E ni rekebisho la mchoro wa umeme, na 3 ni Deluxe yenyewe. Hapo pana muhuri wa herufi mbili, ya kwanza ya mwaka, kuanzia A ya 1951, na ya pili ya mwezi. Basi FH ni Agosti 1956. Wa pili ni spika ya Jensen, yenye nambari kama 220622: 220 ni ya kiwanda, na 622 ni juma la 22 la mwaka unaoishia na 6, ushahidi usiotosha peke yake, kwani 1966 nao huishia hivyo. Spika ikiwa changa kuliko muhuri, ilibadilishwa, na thamani hupungua.

Ndani zaidi, juu ya kipande cha utepe, huenda likasomeka jina la mwanamke aliyezilehemu nyaya zile, kwani kazi hiyo aghalabu ilifanywa na wanawake wa asili ya Meksiko, na majina yao yastahili heshima sawa na jina la mwenye kampuni.

Kapasita zilizobadilishwa si aibu, maana za asili hukauka. Ila zisiguswe na asiye fundi, kwa kuwa huweka mamia ya volti hata waya ukishachomolewa. Na huku kwetu, chombo hiki cha volti 117 kikiunganishwa na umeme wa 240 bila transfoma ya kushushia, huungua. Bei ya haki, basi, ni ile inayotamkwa baada ya kasha kufunguliwa, mbele ya muuzaji, naye akaelezwa kila kilichoonekana.