Ubia na Mrabaha

Waandishi wetu wa habari, wakitaka kueleza maafikiano baina ya jamii asilia na makampuni yachimbayo madini katika ardhi yao, hukimbilia neno ushirikiano, neno jema la hotubani, ambalo katika hisabu ya mali halisemi nani ametoa nini wala nani ataumia biashara ikianguka. Wazee wa pwani walipokula bia, kila mtu alitoa fungu lake kwanza ndipo mikono ikaingia sahanini. Na katika bia hiyo tumepata mbia na ubia, yaani shirika la watu wanaogawana faida na hasara kwa kadiri ya hisa zao. Mrabaha ni jambo jingine: ni haki ya mwenye mali kulipwa sehemu ya thamani ya kitu kitolewacho, mchimbaji apate faida au asipate.

Tofauti hii yaonekana dhahiri kaskazini magharibi ya Alaska, katika mgodi wa zinki wa Red Dog, ambao ardhi yake ni milki ya NANA, shirika la Wainupiati lililoasisiwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1971 iliyokata madai ya ardhi ya wenyeji. Mwaka 1982 NANA ilipatana na kampuni ya Cominco, ambayo leo ni Teck, na mgodi ukaanza kuzalisha mwaka 1989. Kwanza NANA ilipokea asilimia 4.5 ya thamani ya madini baada ya gharama za kuyeyusha, na huo ni mrabaha, usiitwe kwa jina jingine. Sharti lililofuata lilikuwa la busara zaidi: kampuni ikiisha kurudisha rasilmali yake, NANA itwae robo ya faida halisi, na kila mwaka wa tano fungu liongezwe asilimia 5 hata litimie nusu. Sharti hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2007, na mwaka 2022 fungu likafika asilimia 40. Bei ya zinki ikiporomoka, fungu nalo hunywea. Basi hapo Wainupiati waliuacha mrabaha wakaukaribia ubia, ingawa wanasheria, kwa ada yao, wangali wakiliita lile la kwanza na hili la pili kwa jina moja.

Lakini fedha peke yake haimfanyi mtu mbia, maana mbia huulizwa. Huko kuna kamati ya watu wa Noatak na Kivalina, vijiji viwili vya wawindaji, na kulungu wa nchi za baridi wanapohama wakaikaribia barabara ya maili 52 ipelekayo madini bandarini, malori husimamishwa hata kundi livuke. Hata hivyo baadhi ya wakazi wa Kivalina, wanaokunywa maji ya mto Wulik chini ya mgodi, walikwenda mahakamani kuishtaki kampuni juu ya maji taka yake. Na kwa kuwa wengi wa kijiji hicho ni wanahisa wa NANA, mtu mmoja aweza kupokea gawio la mgodi na kuudai maji safi, wala ubia haumnyimi haki ya lolote katika hayo mawili.