Koti juu ya Kanzu: Kulingana kwa Nguo na Kulingana kwa Watu

Kiswahili kina neno moja lenye kubeba maana mbili. Nguo zikipendezeana mwilini husemwa zimelingana. Na watu wawili wakiwa sawa kwa kimo, kwa cheo au kwa haki, nao pia husemwa wamelingana. Huenda maana hizo zimekutana kwa bahati tu. Lakini mwenye kuifuata taarikhi ya mavazi ya wanaume katika mwambao wa Afrika ya Mashariki ataona kwamba lugha haikukosea. Tangu enzi za masultani mpaka enzi za mabunge, swali la nguo ipi yalingana na ipi halikuwa mbali na swali la nani alingana na nani.

Katika Zanzibar ya karne ya 19, vazi la muungwana lilikuwa na mpangilio wake. Chini ni kanzu nyeupe. Juu yake kizibao chenye darizi. Juu ya kizibao ni joho, neno lililotokana na jina la Kiarabu la kitambaa kizito cha sufu. Kichwani kilemba, kiunoni jambia, miguuni makubadhi. Weupe wa kanzu ulilingana na weusi wa joho, na fedha ya ala ya jambia ikalingana na uzi wa darizi. Sultani Barghash bin Said alipozuru London mwaka 1875, Waingereza walimwona akiwa na kilemba chake na joho lake, na magazeti yao yakamchora vivyo hivyo. Hakuhitaji kuazima vazi la mwenyeji wake ili atambulike kuwa ni mfalme.

Mtumwa hakuwa na mpangilio wa kuchagua. Alijifunga kiunoni shuka ya merikani, nguo ngumu ya pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambao biashara yao ilipata nguvu baada ya mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani. Au alivaa kaniki, nguo iliyochovywa nili mpaka ikawa nyeusi, isiyoonyesha uchafu wa shamba. Kichwa chake kilikuwa wazi na miguu yake mitupu. Kofia na viatu havikuwa vitu vya kumzuia jua na miba peke yake. Vilikuwa alama, na alama ile haikuwa yake. Nyeupe ilikuwa rangi ya mtu ambaye mikono yake haishiki jembe, na ambaye ana mtu wa kumfulia.

Lugha nayo ilihifadhi daraja hizo. Methali husema, ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Kilemba kikawa pia jina la zawadi apewayo fundi mwanafunzi wake anapohitimu, na anayesifiwa kwa sifa za uongo huambiwa kavikwa kilemba cha ukoka. Nguo ya kichwani ilikuwa kipimo cha heshima kiasi kwamba hata hadaa ilipewa mfano wake.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya jambo hilo lilingoja mpaka 1907, na Tanganyika mpaka 1922. Amri zile hazikusema lolote juu ya mavazi. Hata hivyo walioachwa huru walijua la kufanya. Waliiacha kaniki, wakavaa kanzu nyeupe na kofia, wakatembea barabarani mbele ya macho ya wale waliokuwa wakiwamiliki. Katika muda wa miongo michache kanzu, iliyokuwa vazi la wachache, ikawa vazi la kila mwanamume wa mjini. Mamlaka ziliandika uhuru katika karatasi. Watu wenyewe waliushonesha kwa fundi.

Zama hizo hizo ndipo koti la Kizungu lilipozidi kuonekana mwambaoni. Aghalabu hudhaniwa kwamba koti ni mgeni kabisa kwa joho na kizibao, lakini nasaba yake yasema vingine. Mwezi wa Oktoba 1666, mwezi mmoja baada ya moto mkubwa wa London, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza vazi jipya kwa watu wa baraza lake: nguo ndefu ya kubana ivaliwayo chini ya koti. Walioandika shajara zao wakati ule, Samuel Pepys na John Evelyn, wote wawili walilitaja vazi hilo, na Evelyn alieleza kwamba lilifuata mtindo wa Kiajemi. Nguo ile ilifupishwa kizazi baada ya kizazi mpaka ikawa kizibao cha suti. Kwa hiyo sehemu moja ya suti ya Kiingereza ilizaliwa kwa kuiga Mashariki, upande ule ule ambao mwambao wa Waswahili ulikuwa ukichukua vitambaa na mishono kwa karne nyingi.

Tai nayo ina safari yake. Katika karne ya 17 askari wa Kikroeshia waliotumikia majeshi ya Ufaransa walifunga vitambaa shingoni, na Wafaransa wakakiita kitambaa hicho kwa jina la watu wale. Kutoka kwa askari kikaingia ikulu, na kutoka ikulu kikashuka mpaka kwa makarani.

Aliyeviweka vitu hivi vitatu, shati, tai na koti, katika mizani iliyodumu alikuwa George Brummell, aliyezaliwa London mwaka 1778. Hakuwa na damu ya ukoo mkubwa. Baba yake alikuwa katibu wa waziri mkuu. Wakubwa wa zama zake walikuwa wametoka tu katika hariri za rangi na nywele za bandia zenye unga. Yeye akavaa koti la buluu ya giza, shati jeupe lililofuliwa barabara, na kitambaa cheupe cha shingoni kilichotiwa wanga kikasimama. Hakuongeza pambo. Siri ya vazi lake ilikuwa katika mkato na usafi, na kwa siri hiyo mtu asiye na cheo aliwafanya wenye vyeo wamuulize yeye namna ya kuvaa. Madeni yalimkimbiza Ufaransa mwaka 1816, akafa huko Caen mwaka 1840 akiwa fukara. Lakini kanuni yake haikufa: koti la giza, shati la nuru, na kitu kimoja shingoni cha kuviunganisha.

Mtu aliyekuwa mtumwa Zanzibar hakupata kulisikia jina la Brummell. Hata hivyo walijua jambo moja. Mahali ambapo nasaba ndiyo kipimo, asiye na nasaba hujipima kwa unadhifu. Na rangi waliyoishika wote wawili ilikuwa ile ile nyeupe, rangi isiyosamehe doa.

Basi koti lilipofika, halikuivua kanzu. Lilikaa juu yake, pahala pa joho. Mafundi Wagoa na Wahindi walikata makoti kwa vitambaa vyepesi vinavyostahimili joto. Madobi walizifua kanzu na kuzinyoosha kwa pasi za mkaa. Mpangilio uliozaliwa ulikuwa na mantiki kamili. Kanzu ilishika nafasi ya shati, na weupe wake ukaonekana kifuani baina ya kola mbili za koti, kama shati linavyoonekana katika suti. Rangi ya koti ilikuwa nyeusi, kijivu au kahawia, ili kanzu ing'are. Kofia ya viua, iliyoshonwa kwa mkono kwa majuma au miezi, ililingana na kanzu kwa weupe, au pahala pake pakashikwa na tarbushi nyekundu.

Iliyobaki nje ni tai, na sababu yake si chuki. Tai huhitaji ukosi wa kuishika, na kanzu ya mwambao haina ukosi. Shingo yake ni ya mviringo. Tena pale ambapo tai ingening'inia palikuwa pameshapambwa. Kanzu nyingi zina darizi ya uzi shingoni na kifuani, na kanzu ya Kiomani ina shada dogo la nyuzi karibu na shingo, ambalo huchovywa manukato. Nafasi ilikuwa na mwenyewe. Mwambao ulilichukua koti kwa kuwa kanzu ilikuwa na pengo la kulipokea, ukaiacha tai kwa kuwa hapakuwa na pengo.

Mpangilio huu haukubaki pwani. Wafanyabiashara wa misafara waliifikisha kanzu Buganda katika karne ya 19, ikavaliwa katika baraza la Kabaka. Huko nako ilipokea koti. Mpaka leo mwanamume wa Kiganda akienda kuposa huvaa kanzu yenye darizi ya rangi ya damu ya mzee, na juu yake koti la suti. Huliona vazi hilo kuwa ni la mababu zake, na halikosi kuwa hivyo.

Lakini kanzu ilipatwa na msiba wake. Katika nyumba na hoteli za walowezi wa Kizungu, mtumishi alivishwa kanzu nyeupe, mshipi kiunoni na tarbushi kichwani. Nguo ambayo mtu aliyeachwa huru aliivaa ili asiitwe mtumwa ikageuzwa kuwa sare ya kubebea sinia. Kitambaa kilikuwa kile kile. Aliyebadilika ni mwenye kuamua maana yake. Hapo ndipo vijana wa skuli na makarani wa afisi walipoigeukia suti kamili, pamoja na tai yake. Wakoloni wengi walikereka kumwona Mwafrika amevaa kama wao, na kukereka kwao kulikuwa ni ushahidi kwamba vazi limefanya kazi iliyokusudiwa.

Ngoma ya beni, iliyoenea katika miji ya mwambao tangu mwishoni mwa karne ya 19, iliufanya mzozo huo kuwa mchezo. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa nyimbo, kwa gwaride na kwa mavazi. Wachezaji walijipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakavaa sare na suti zilizonyooshwa. Kuna walioyaona hayo kuwa ni kumwiga bwana. Lakini anayevaa koti la jemadari huku akicheza ngoma ameshaonyesha kwamba ujemadari ni nguo, na nguo huvaliwa na kuvuliwa.

Baada ya uhuru suala liligeuka tena. Tai, iliyokuwa alama ya kulingana na Mzungu, ikaonekana kuwa ni kitanzi chake. Tanzania Bara, Mwalimu Nyerere alijulikana kwa suti nyepesi isiyo na tai, na mshono wa aina hiyo wenye kufunga mpaka shingoni ukaitwa chuenlai, kwa jina la waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, aliyeizuru Tanzania mwaka 1965. Zambia ilikuwa na suti ya Kaunda. Zaire, pamoja na miji yake ya Kiswahili ya Lubumbashi, Kisangani na Bukavu, Mobutu aliipiga marufuku tai mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuleta abacost, jina lililofupisha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuiangusha suti. Aprili 1990, siku ile ile alipotangaza mwisho wa chama kimoja, aliwaruhusu raia kufunga tai. Ndiyo kusema, kuchagua chama na kuchagua nguo ya shingoni vilirudi kwa pamoja.

Mashindano hayo hayajesha. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliikataza suti ya Kaunda ndani ya ukumbi, na kuwakumbusha wabunge wanaume kwamba vazi linalotakiwa ni koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Suti iliyobuniwa ili Mwafrika aonekane huru katika mkutano wake ikatolewa nje na Waafrika wenyewe, kwa hoja ya heshima ya nyumba yao. Hoja ya heshima si ya kubezwa. Lakini aliyeipanga orodha ya kwanza ya heshima hiyo hakuwa akiwafikiria wao.

Mwambao umelijibu suala hili bila ya kulitungia sheria. Asubuhi ya Idd, mjini Zanzibar, Mombasa au Lamu, safu za wanaume hutoka msikitini katika kanzu nyeupe, na wengi wao wametia koti juu. Koti la mmoja limeshonwa kwa kipimo chake; la mwenzake limetoka katika robota la mitumba, zile nguo ambazo watu waliziita kafa Ulaya. Mmoja huenda ni mjukuu wa mwenye shamba la mikarafuu, na mwengine ni mjukuu wa aliyelima shamba lile kwa kaniki na kichwa kitupu. Waliposimama kuswali, bega liligusana na bega. Sasa wanapeana mikono ya Idd, na kwa macho tu mpita njia hawezi kujua nani ni nani. Nguo zimelingana. Yaliyobakia ya kulingana yamo katika mashamba, katika mishahara na katika vyumba vya kusomea, ambako hakuna fundi wa kuyashona kwa siku moja.