Freeman Mbowe na Kambi ya Upinzani Bungeni, 2015–2020

Freeman Mbowe, wakati huo mbunge wa Hai na mwenyekiti wa CHADEMA, alikuwa Kiongozi wa Upinzani katika Bunge la Tanzania kuanzia 2010 hadi 2020. Kipindi chake cha pili ndicho kilichokuwa kigumu zaidi.

Katika uchaguzi wa 2015 bonde la Kilombero, ngome ya CCM ya muda mrefu, liliipa kambi yake wabunge wawili: Peter Lijualikali wa jimbo la Kilombero, lenye mji wa Ifakara, na Susan Kiwanga wa Mlimba. Ushindi huo ulikuwa mzito, kwa kuwa ulitoka kwa wakulima wa mpunga na miwa, mbali na miji mikubwa. Gharama yake ilionekana mapema. Januari 2017 Lijualikali alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa vurugu za uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri. Mahakama Kuu ikamwachia mwezi Machi.

Septemba mwaka huo mnadhimu mkuu wa kambi, Tundu Lissu, alipigwa risasi Dodoma. Mbowe mwenyewe alifutiwa dhamana Novemba 2018, akakaa mahabusu hadi Machi 2019, na kambi ikaendelea bungeni bila kiongozi wake.

Mwaka 2020, baada ya Mbowe kuwataka wabunge wake wajitenge kwa sababu ya korona, kambi iligawanyika waziwazi. Lijualikali alihamia CCM. Oktoba Mbowe alipoteza Hai, na majimbo ya Kilombero na Mlimba yakarudi CCM.