Sauti za Mbotela: Salamu na Tijara katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi akaishika barabara ya Jogoo, ambayo katika zama za utawala wa Kiingereza ikiitwa Doonholm, huupita kwanza uwanja wa mpira wa City, kisha Kaloleni na Makongeni, hata akafika Mbotela, mtaa wa nyumba za halmashauri uliojengwa katika miaka ya 1950 ili kuwatia pahali wafanyakazi ambao mji uliwahitaji mchana wala haukupenda sana kujua walilala wapi usiku. Mtaa huu ulipewa jina la Tom Mbotela, diwani na makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, aliyeuawa mwishoni mwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali kutangaza hali ya hatari. Na mitaa ya Ofafa iliyo jirani ikachukua jina la Ambrose Ofafa, diwani mwenziwe, ambaye naye aliuawa mwaka uliofuata.

Ukoo wa Mbotela asili yake ni Freretown, kijiji kilichoasisiwa na wamisionari wa Church Missionary Society (C.M.S.) karibu na Mombasa katika mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, ambako kengele ilitundikwa ya kuwaita watu na kuwahadharisha, na mahali pale hata leo huitwa Kengeleni. Katika ukoo huo alitoka James Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, na baadaye Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyezaliwa Freretown mwaka 1940 na kufariki Februari 2025, ambaye sauti yake Wakenya wengi waliijua kabla ya kuujua uso wake.

Nimeitanguliza nasaba hii kwa makusudi. Siku hizi wenye biashara mjini Nairobi huhimizwa na washauri wao wafungue mabaraza ya sauti katika mitandao ya simu, wapate kuzungumza na wateja badala ya kuwahubiria, na shauri hilo hutolewa kana kwamba ni uvumbuzi wa jana, ilhali katika mitaa hii ya mashariki tijara na maongezi ya sauti vimekaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka sitini, na wazee waliokwisha kustaafu wangeweza kumfundisha mshauri huyo mambo mengi bila ya kumtoza ada.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, nao ulikuwa mali ya walowezi, habari zao na muziki wao. Vita Vikuu vya pili ndivyo vilivyoilazimisha serikali kusema na Waafrika kwa redio, maana vijana wao walikuwa wamepelekwa mbali vitani na jamaa walitaka habari. Basi tangu mwanzo kabisa, kilichomvuta msikilizaji wa Kiafrika kwenye chombo hiki kilikuwa ni hamu ya kujua hali ya mtu wake. Hotuba ya bwana mkubwa aliivumilia tu kama mtu avumiliavyo foleni.

Wafanyabiashara waliutambua ukweli huo mapema kuliko serikali. Mwingereza mmoja, Peter Colmore, aliyekuwa mjuzi wa muziki na matangazo ya biashara, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufahamu kwamba dawa au kinywaji hakiuziki kwa amri, bali huuzika kwa sauti ambayo watu wamekwisha kuipenda kwa sababu nyingine. Ndipo alipowaleta Nairobi wapiga gitaa mashuhuri wa Katanga: Mwenda Jean Bosco akaimba kwa ajili ya vidonge vya Aspro, na Edouard Massengo kwa ajili ya Coca-Cola. Kiswahili chao kilikuwa cha Kongo, chenye lafudhi ambayo mtu wa Mvita angeicheka, lakini katika mitaa ambamo Mluo, Mkamba, Mluhya na Mkikuyu walichangia bomba moja la maji hapakuwa na mtu aliyejiona ana haki ya kusahihisha lafudhi ya mwenziwe.

Hata hivyo, hayo bado yalikuwa maneno ya upande mmoja. Mazungumzo yenyewe yalikuja na salamu. Redio ndogo za betri zilipoenea katika miaka ya 1960, na stesheni ya taifa ikaitwa Sauti ya Kenya kuanzia mwaka 1964, vipindi vya salamu vikawa baraza la watu wasioonana: kibarua wa reli aliye Makongeni humsalimu mkewe aliyebaki shambani, akaongeza majina ya shemeji na majirani, na mwisho akachagua wimbo. Salamu hizo ziliandikwa katika kadi maalumu zilizouzwa, na hapa ndipo palipo na jambo ambalo halina budi kukaziwa macho, kwamba msikilizaji alilipa kwa mkono wake mwenyewe ili asikike. Aliyetangaza sabuni alilipia hewa, naye aliyesalimu watu alilipia kadi, na wote wawili wakaihudumia stesheni ile ile. Lakini ulipomwuliza mtu wa mtaani kipindi kile kilikuwa cha nani, hakumtaja mwenye sabuni hata siku moja.

Kutoka katika kadi hizo vikazaliwa vyama vya wapenda salamu, wenye lakabu za kujivunia, waliokuja kujuana kwa majina kabla ya sura, kisha wakaanza kukutana, wakachangiana harusini na matangani, na wakatembeleana wilaya kwa wilaya. Sijui kampuni yoyote ya Nairobi iliyowahi kujenga kwa fedha zake jumuiya imara kama hiyo, ambayo haikujengwa na mtu yeyote kwa kusudi.

Mwaka 1966 Leonard Mbotela, aliyejiunga na Sauti ya Kenya miaka miwili nyuma, alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, ambacho kilidumu kwa miongo zaidi ya mitano. Mada zake zilikuwa ndogo kwa kuzitazama: adabu za mezani, za garini, za ugenini. Lakini swali halikuwa na jibu moja lililofungwa. Liliachwa mikononi mwa wasikilizaji, wakaandika barua, wakabishana kazini na nyumbani, na mtangazaji akabaki kuwa mwenye baraza badala ya kuwa kadhi. Wakati huo huo sauti hiyo hiyo iliwatangazia mechi za mpira, zikiwamo za Gor Mahia na AFC Leopards, wale wa mtaa wa Mbotela waliokosa kiingilio cha uwanja wa City, ambao kwa miguu si mbali.

Thamani ya imani iliyopatikana kwa njia hiyo ilidhihirika kwa namna ya kutisha tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali. Walikuwa na bunduki, na walikuwa wameshika stesheni, wala haikuwa vigumu kwao kusoma tangazo wenyewe. Lakini walimfuata Mbotela nyumbani kwake wakamlazimisha alitangaze yeye. Walijua kwamba maneno yale yale, yakitoka katika kinywa kisichojulikana, nusu ya watu wangeyadhania mzaha.

Zama za stesheni moja zilikwisha katika miaka ya 1990 pale hewa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na tangu hapo kila kabila, kila rika na kila dini ikapata masafa yake. Vijana wa Korogocho, upande huo huo wa mashariki, walianzisha Koch FM katika kontena la chuma mwaka 2006. Ghetto Radio nayo ikaichukua Sheng, lugha iliyokuzwa katika mitaa hii na kukemewa na kila mwalimu, ikaifanya lugha ya kuuzia bidhaa.

Kisha yakaja mabaraza ya simu, Clubhouse mwaka 2020 na Spaces za Twitter baada yake. Katika Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, mabaraza hayo yalijaa wasikilizaji kwa maelfu mengi, na tarehe 5 Julai Rais William Ruto mwenyewe akaingia katika mojawapo, akaulizwa maswali makali na vijana ambao baba zao walizoea kumsikia rais katika habari ya kwanza ya redio bila ya nafasi ya kumkatiza. Kampuni zilizojaribu kuandaa mabaraza yao wenyewe aghalabu hazikupata umati kama huo, maana huleta meneja wa mauzo akasoma karatasi, akachukua maswali mawili yaliyopangwa, akaaga.

Wala haimkiniki kusema kwamba tijara haikufaidi kitu katika mabaraza ya Juni. Ingawa hapakuwa na kadi ya kununua, kila aliyeketi kusikiliza usiku kucha, awe Mbotela au London, alikuwa akiteketeza bando, na wenye mitandao ya simu, ambao katika mazungumzo hayo hawakutia neno lolote, walilipwa kwa kila bando.