Reli Nzito na Reli Nyepesi: Cairo, Tunis na Addis Ababa

Katika mjadala wa usafiri wa mijini wapo wanaodai kwamba kuchagua aina ya reli ni kazi ya mainjinia, na kwamba viongozi wanatakiwa kutia saini tu. Hatukubaliani na mawazo hayo. Historia ya miji mitatu ya Afrika inaonyesha kwamba uchaguzi huo unahusu nani atasafirishwa, kwa nauli gani, na nani atashika vipuri.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Reli nyepesi haiitwi hivyo kwa sababu ya uzito wa chuma chake. Wepesi wake ni wa umati inaoweza kuubeba: treni zake ni fupi, na mara nyingi hupita barabarani, zikingoja taa pamoja na magari. Reli nzito ina njia yake peke yake, na treni zake ni ndefu. Njia ya Kwanza ya Cairo, yenye treni za mabehewa tisa, ilisanifiwa kubeba abiria 60,000 kwa saa kwa kila upande. Reli ya Addis Ababa ilisanifiwa kwa 15,000.

Cairo ilianza na tramu. Mwaka 1894, Misri ikiwa chini ya Waingereza, haki ya kuziendesha alipewa Baron Empain, bepari wa Kibelgiji, na zikaanza kazi mwaka 1896. Baadaye kampuni yake ilijenga mji wa Heliopolis jangwani na kuuza viwanja ambavyo thamani yake ilipandishwa na reli ya kampuni hiyo hiyo. Hivyo njia ilifuata faida kabla ya kumfuata abiria.

Baada ya mapinduzi ya 1952, viwanda vikubwa vilijengwa Helwan, kusini mwa jiji, kikiwamo kile cha chuma. Reli ya Helwan ilitiwa umeme mwaka 1956. Kaskazini kulikuwa na reli nyingine ya kwenda El Marg. Lakini kila moja iliishia pembeni mwa katikati ya jiji, ikawamwaga wafanyakazi wahangaike na mabasi na tramu zilizofurika. Kilichokosekana ni kiungo. Kwa mkopo na utaalamu wa Kifaransa, lilichimbwa handaki la kilomita kama 4.5 lenye stesheni tano, likafunguliwa mwaka 1987. Mwaka 1989 njia nzima, kilomita zipatazo 43, ilikuwa imekamilika. Wanaosema Misri ilipenda anasa ya reli nzito wanasahau kwamba sehemu kubwa ya reli hiyo ilikuwa imekwisha kulazwa ardhini miaka mingi kabla.

Tunis ni mji mdogo zaidi. Ilifungua reli nyepesi mwaka 1985, na hatuoni kosa hapo.

Addis Ababa inahitaji uchambuzi zaidi. Reli yake nyepesi, kilomita 34 katika njia mbili, ilifunguliwa mwaka 2015. Iligharimu dola milioni 475 hivi, na asilimia 85 ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa China. Nauli iliwekwa kati ya birr 2 na 6, na hiyo ilikuwa haki kwa wanyonge. Lakini mkopo hulipwa kwa dola, na vipuri pia. Fedha za kigeni zilipoadimika, treni zikaanza kulala karakana, hata ikafika wakati chini ya nusu ya treni 41 zilikuwa zikitembea. Wengine wanalaumu wepesi wa reli. Lakini reli nzito ingehitaji vipuri vingi zaidi kutoka nje. Tatizo lilikuwa kununua treni kabla ya kujenga uwezo wa kuzitengeneza.

Katika hilo Misri ilikuwa na nafuu. Kiwanda cha Semaf, kilichoanzishwa Helwan mwaka 1955, hutengeneza mabehewa ya reli nchini humo humo. Hata hivyo, kiwanda hakikuondoa mzigo wa gharama. Hadi mwaka 2017 mfanyakazi alivuka Cairo nzima, kutoka Helwan hadi El Marg, kwa paundi 1. Mwaka huo nauli ikawa paundi 2, na mwaka 2018 safari hiyo hiyo ikafika paundi 7.