Sukari, poshi na duyi: vifaa vya gato vilifikaje Lubumbashi

Kila mara kolasio inapokaribia, simu yangu inajaa ujumbe wa namna moja. Gato ya kofia ya mhitimu. Gato ya kitabu kilichofunguka. Gato ya koti jeupe la daktari. Tukishamaliza mambo ya bei linakuja swali lingine, na hili linatoka kwa wale wanaotaka kujitengenezea wenyewe nyumbani: fondanti unaipata wapi? Na zile duyi, zile ncha za chuma za kuchorea krimu, hapa Lubumbashi zinauzwa wapi?

Jibu fupi: karibu zote zinatoka nje. Jibu refu ni historia, na kwa kuwa nilisoma historia siyo upishi, mtanivumilia nianze na hilo refu.

Tuanze na sukari yenyewe. Katika Ulaya ya karne ya 16, sukari ilikuwa kitu cha mabwana. Wapishi wao waliisaga, wakaichanganya na tragakanti, gundi ya mmea inayotoka pande za Uturuki na Irani, wakapata kinyunya laini cha kufinyangwa kama udongo. Walitengeneza ngome, ndege, wanyama, hata sahani na vikombe vya kuliwa mwisho wa karamu. Fondanti yetu ya leo ni mjukuu wa kinyunya kile. Njo maana nasema gato ya ajabu-ajabu siyo mambo ya Instagram. Ni mambo ya zamani sana, tofauti ni kwamba zamani ilikuwa ya mfalme na leo inafika Katuba.

Ile sukari nani aliilima? Mwishoni mwa karne ya 18, koloni la Saint-Domingue, ile Haiti ya leo, lilikuwa linatoa sukari kuliko koloni lingine lolote duniani. Waliokata miwa walikuwa watumwa, na wengi kati ya walioletwa miaka ile ya mwisho walipakiwa melini kwenye pwani ya Kongo na Angola. Kwa hiyo mtu akiniambia gato ni mambo ya wazungu, ninamuuliza: sukari ilikuwa na jasho la nani?

Mwaka 1791 watumwa wale wakaasi, mwaka 1804 Haiti ikawa huru, na Ufaransa ikapoteza ghala lake la sukari. Baadaye meli za Waingereza zikafunga bahari. Napoleon akageukia biti, ile mboga ya mizizi. Mkemia wa Berlin, Andreas Marggraf, alikuwa ameonyesha tangu 1747 kwamba ndani yake mna sukari sawa na ile ya muwa, na mwaka 1812 Benjamin Delessert akafanikiwa kuitoa kiwandani, karibu na Paris. Ni katika miaka hiyo hiyo Antonin Carême alikuwa anawajengea wakubwa magato marefu kama mahekalu. Kijana maskini yule alikuwa anaenda maktaba kuu ya Paris kunakili michoro ya majengo, halafu anairudisha jikoni kwa sukari. Wenye kusoma arkitektua, mpo?

Uingereza, mwaka 1840, Malkia Victoria aliolewa na gato ya kilo zaidi ya 130, imefunikwa yote kwa sukari nyeupe. Weupe ule ulikuwa majivuno, kwa sababu sukari nyeupe sana ilikuwa ghali. (Mjomba wa Victoria alikuwa Leopold wa Kwanza wa Ubelgiji, baba wa yule Leopold tunayemjua sisi.) Mpaka leo bibi arusi wa Kampemba anadai gato nyeupe.

Wakubwa walikuwa na wapishi. Mtu wa kawaida alianza kununua vifaa vyake mwenyewe baadaye sana, na hapa jina moja lina uzito: Dewey McKinley Wilton. Mwaka 1929, Chicago, alianza kufundisha watu kupamba gato, na biashara ya vifaa ikakua kutoka kwenye yale masomo. Kwangu mimi mpangilio ule ni wa akili sana. Kwanza unamfundisha mtu, halafu anarudi kwako kununua. Duyi zikapewa nambari, na nambari zile zimekuwa kama lugha. Ukienda leo kwa mchuuzi wa vitu vya China, hata kama pakiti haina jina la kampuni yoyote, nambari zinabaki: 104 ni ya petali za waridi, 352 ni ya majani, 1M ni ile nyota kubwa ya kuzungushia krimu juu ya gato ndogo. Kwa hiyo usinunue boksi la duyi 50 juu ya tamaa. Anza na hizo tatu na moja ya tundu dogo la kuandikia majina. Zile zingine 46 zitakaa kabatini zikipata kutu.

Sasa tufike kwetu. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910 ikitoka kusini, kupitia Rhodesia, na mji ukaanza kula kutoka upande huo. Unga, siagi ya kopo, sukari, vyote vilipanda kwa treni. Maduka ya mjini yalikuwa mikononi mwa Wagiriki, Waitaliano na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes. Mwafrika alipita mlango wa nyuma wa historia hii: alikuwa boyi jikoni kwa mzungu. Boyi ndiye aliyejifunza kwanza kuoka, na alikuwa mwanaume.

Bamama waliingia kwa njia ya Foyer social. Union Minière na serikali ya kikoloni waliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona, kufuma, kupika, kutunza mtoto na nyumba. Wengi wetu tuna bibi aliyepita pale. Wengine wanasifu masomo yale, wengine wanayalaumu, na mimi naona wote wana haki. Mikono ilipata ufundi, ni kweli. Lakini mama alifundishwa awe mke mzuri wa mfanyakazi mzuri, asitoke nje ya jiko. Na ustaarabu ulipimwa kwa vitu. Tangu 1952 mwenye kutaka karata ya imatrikilasio alitembelewa nyumbani, tume ikaangalia meza, visu na uma, kitanda, choo. Katika mji wa namna hiyo, gato mezani haikuwa chakula tu.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianizasio. Maduka ya wageni yakapewa Wazaire, wengi wao watu wa karibu na chama, na kwa wengi duka lilimalizika pamoja na bidhaa zilizokuwa ndani. Bei ya shaba ikaanguka muda mfupi baadaye, feza za kuagizia vitu zikakosekana. Halafu uporaji wa 1991. Halafu Gécamines yenyewe ikapiga magoti, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka katika ule mpango ulioitwa wa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU ameandika vizuri jinsi mamlaka ya baba yalivyopungua katika familia hizo, wakati mama ndiye alilisha nyumba kwa biashara ndogo. Mkate, maandazi, karanga, na gato pia. Ufundi uliofundishwa ili mama abaki nyumbani ndio ulimtoa nje kutafuta feza.

Vifaa je? Vilitengenezwa hapa hapa. Fundi wa bati alikunja chombo cha kuokea kwa bati jipya, mwenye kuyeyusha aliminiamu chakavu akamimina sufuria nzito kwenye mchanga. Oveni ilikuwa sufuria mbili, makala chini kwenye mbabula na makala juu ya kifuniko. Nimekula gato ya namna hiyo, imeiva sawasawa kuliko ya oveni nyingi za umeme, hasa siku za kukatwa-katwa umeme. Ukitaka leo chombo cha umbo la moyo au la nambari, chora kwenye karatasi, mpelekee fundi wa bati. Mwambie tu asitumie risasi kulehemu, akunje kingo.

Kuhusu rangi, niruhusuni nisimame kidogo, kwa sababu hapa mtu anaweza kuumia. Mwaka 1820, London, mkemia Frederick Accum alichapisha kitabu kilichofichua kwamba peremende za watoto zilipakwa rangi za risasi na shaba. Mwaka 1858, mjini Bradford, aseniki iliingia katika peremende kwa kudhaniwa ni unga wa kupunguzia sukari; watu kama 20 walikufa na wengine wapatao 200 waliugua. Leo katika masoko yetu kuna unga wa kung'aa, wa dhahabu na fedha, unauzwa kwa mapambo ya gato. Soma kopo. «Haina sumu» siyo sawa na «inaliwa». Ile ya kwanza hata rangi ya kuchorea shuleni inaandikwa hivyo. Kama hakuna orodha ya vilivyomo, iweke kwenye ua la plastiki utakaloliondoa kabla ya kukata, au iache sokoni.

Mengine yanapatikana kwa njia ile ile ya 1910. Basi la Kasumbalesa, halafu Zambia, halafu Johannesburg, ambako fondanti ukiiomba kwa jina la «plastic icing» wanakuelewa haraka zaidi. Sukari yenyewe nyingi inatoka Zambia. Lakini fondanti hauhitaji kuingoja mpakani: jelatini, glukozi, mafuta kidogo, sukari ya unga, unaikanda nyumbani. Mteja akiwa Mwislamu, uliza kwanza jelatini ni ya mnyama gani. Sukari ya unga ikikosekana, saga ya kawaida pamoja na kijiko cha mayizena, uchekeche mara mbili. Chupa nyoofu iliyooshwa inasukuma kinyunya vizuri. Poshi ni karatasi ya kuokea iliyokunjwa pembe, au plastiki safi na nene iliyokatwa ncha.

Resepe za intaneti, zile za Marekani na Ulaya, zimeandikwa kwa watu wengi wanaoishi chini, karibu na bahari. Sisi tuko mita kama 1,200 juu. Maji yetu yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Gato inavimba haraka halafu inaanguka katikati. Punguza hamira ya unga, ongeza maji au maziwa kidogo. Na kati ya Novemba na Machi, mvua ikinyesha, fondanti inatoka jasho. Usiitoe kwenye friji mbele ya wageni. Kolasio za kiangazi ni rahisi zaidi.

«Sasa weye ulisoma yote ile, unapika tu magato?» Nimelisikia, na nyinyi mtalisikia. Mimi huwa namjibu kwa bei.

Kuna jambo moja ninalowaomba. Mabibi waliopita Foyer social waliandika resepe katika madaftari, kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili na Kifaransa, na vipimo vyao vya kikombe na kopo. Madaftari yale yanaisha. Mengine yamefika kwa wauza karanga, wanachana kurasa kufungia. Kama kwenu bado kuna moja, lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, hata lile jalada, kabla ya mtu kufagia chumba.