Somo la Biashara Bila Soko

Siku hizi kila warsha ya elimu ina neno lake: ujasiriamali. Mtoto wa shule ya msingi, wanasema, afundishwe kununua, kuuza na kuweka akiba. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni kimoja: atauzia wapi?

Jambo lenyewe si geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Wengi wetu tunakumbuka majembe tu. Tunasahau kwamba alitaka pia hesabu zitunzwe, na wanafunzi washiriki kuamua mapato yatumiweje. Shuleni kwetu tulipalilia mahindi hadi darasa la saba, lakini daftari la mauzo hatukuliona. Gunia lilikwenda kwa bei gani? Hilo lilikuwa la wakubwa. Tulitoka na sugu mikononi. Faida na hasara tukaja kufundishwa na mtaa.

Sasa tazama Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Mwaka 2015 wakaja Warundi pia. Shule za watoto wa Kikongo zilifuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Biashara walijifunza kwa Kiswahili, sokoni, ubavuni mwa mama: fungu la dagaa, kipimo cha unga, mkulima wa Makere aliyeingia na ndizi akatoka na sabuni.

Desemba 2016 Mpango wa Chakula Duniani ulianza kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha badala ya chakula. Fedha zile zikazunguka hadi kwa wenyeji. Agosti 2017 utaratibu huo ukasimamishwa. Kuanzia 2018 masoko ya pamoja ya kambi za Kigoma yakaanza kufungwa, la Nyarugusu nalo likafuata. Na kutoka kambini kwenda zaidi ya kilomita 4 kulihitaji kibali.

Serikali ilitaja usalama, tena ilitaka Warundi warudi kwao. Sibishani na usalama. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1997 alikuwa na miaka 21 masoko yalipoanza kufungwa. Na yule mkulima wa Makere, ambaye si mkimbizi, alibaki na ndizi zake, huku watoto wa kijiji wakifundishwa Stadi za Kazi darasani.